Laana za ngano katika michezo ya mezani: zinavyofungwa na zinavyozinguliwa

Michezo ya mezani ya kuigiza wahusika ilianza kuuzwa nchini Marekani mwaka 1974, na tangu hapo imeazima mengi kutoka ngano za kale: majitu, misitu yenye giza, panga za miujiza na wachawi. Jambo ambalo imekuwa vigumu kuliazima vizuri ni laana. Makala haya yanaeleza kwa nini, na jinsi watungaji wa michezo hiyo wanavyojaribu kuirudishia laana uzito iliokuwa nao katika ngano.

Kwa msikilizaji ambaye hajawahi kuuona mchezo wenyewe, picha ni hii. Watu watano wameketi kuzunguka meza. Mmoja wao ni msimamizi, naye ndiye anayesimulia ulimwengu mzima: hali ya hewa, wenyeji, maadui na majumba. Wanne waliobaki, kila mmoja ana mhusika wake, ambaye sifa zake zimeandikwa kwenye karatasi: nguvu, wepesi, akili, silaha alizobeba na fedha alizo nazo. Kila mchezaji husema mhusika wake anafanya nini, na jambo likiwa na shaka hurushwa dadu, mara nyingi dadu yenye pande 20. Ndivyo unavyochezwa Dungeons & Dragons, mchezo uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa huko Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, na ndivyo inavyochezwa mingi iliyoufuata. Hakuna mshindi, na hadithi moja inaweza kuendelea kwa miezi, hata miaka.

Katika mchezo wa namna hiyo mtu angetarajia laana iwe jambo zito. Kwa muda mrefu haikuwa hivyo.

Hazina yenye hila

Laana za miaka ya mwanzo zilikuwa zaidi mitego iliyovikwa sura ya hazina. Mchezaji aliokota mfuko, akatia mkono ndani, kumbe mfuko ule ni kinywa cha kiumbe kinachomeza kila kinachowekwa humo. Mwingine alivaa mkufu, nao ukaanza kumnyonga. Wa tatu alivaa kofia ya chuma akageuka tabia papo hapo, mwema akawa mwovu na mwovu akawa mwema. Zilikuwapo pia panga zilizompunguzia shabaha yule anayezishika, na zisizokubali kuachwa. Vitu hivi vilifundisha tahadhari, na wachezaji wa zama zile bado huvisimulia kwa kicheko. Hata hivyo, havikuwa na sababu. Aliyepatwa hakuwa amemkosea mtu, hakuwa amevunja ahadi wala kudharau onyo. Aliokota kitu kibaya, basi.

Dawa nayo ilikuwa nyepesi. Mchezo umekuwa na uganga wa kuondoa laana katika matoleo yake yote makuu, na kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2014, kuhani anaupata uganga huo akifika ngazi ya 5 kati ya ngazi 20. Mguso mmoja unatosha kuzimaliza laana zote zilizomkalia mtu. Kiswahili kina neno zuri la tendo hili, kuzingua, ingawa siku hizi vijana wa mijini wamelipa maana nyingine kabisa. Matokeo ya dawa kuwa rahisi kiasi hicho ni kwamba laana ikawa kama mafua: unayapata leo, kuhani anakugusa kesho asubuhi, safari inaendelea.

Pale ambapo dawa haikupatikana upesi, mzigo wenyewe mara nyingi ulikuwa wa hesabu tu. Mhusika aliyelaaniwa alipunguziwa alama katika dadu yake. Katika dadu ya pande 20, kila alama moja ni sawa na asilimia 5. Atakayepunguziwa alama 2, basi, atashindwa mara moja zaidi katika kila majaribio 10. Kanuni za 2014 zilileta njia kali zaidi, ambapo mchezaji hurusha dadu mbili na kulazimika kuchukua iliyo ndogo. Anayehitaji kupata 11 au zaidi alikuwa na nafasi ya asilimia 50, sasa anabaki na asilimia 25. Hilo linauma, lakini bado ni hesabu. Baada ya kikao cha pili wachezaji hulisahau, na msimamizi ndiye anayelazimika kukumbusha kila mara kwamba fulani amelaaniwa. Laana inayohitaji kukumbushwa ina kasoro ya msingi.

Sahani ya kumi na tatu

Katika ngano mambo ni tofauti sana, na tofauti hiyo haiko katika ukali wa adhabu. Chukua ngano ya binti mfalme aliyelala miaka 100, inayopatikana katika mkusanyo wa ndugu Jacob na Wilhelm Grimm, ulioanza kutoka katika nchi za Kijerumani mwaka 1812. Mfalme amepata mtoto na anaandaa karamu. Wanawake wenye hekima katika nchi yake ni 13, lakini sahani za dhahabu alizonazo ni 12, kwa hiyo mmoja hakualikwa. Huyo anafika bila mwaliko na kutamka kwamba mtoto, akitimiza miaka 15, atajichoma kwa chango la kusokotea nyuzi na kufa.

Mtungaji wa mchezo anapata mambo matatu katika tukio hilo fupi. Kwanza, laana ina chanzo kinachoeleweka. Ni kosa la adabu, dogo na la kawaida, ambalo kila aliyewahi kupanga harusi analifahamu. Pili, mwanamke wa kumi na mbili alikuwa bado hajatoa zawadi yake, naye hana uwezo wa kuifuta laana. Anachoweza ni kuilegeza, kifo kiwe usingizi wa miaka 100. Huo ni mfano bora wa kumpa kuhani wa mezani kazi ya maana. Badala ya kuigusa laana ikatoweka, uganga wake unaweza kuibadilisha umbo, kuichelewesha, au kuihamishia pengine, na wachezaji wakajadiliana ni umbo gani wanaweza kuishi nalo.

Jambo la tatu ndilo tamu kuliko yote. Mfalme anaamuru machango yote nchini yachomwe moto. Amri hiyo inamfanya binti akue bila kukiona kifaa hicho, na siku anapomkuta bibi kizee akisokota katika chumba cha juu, anauliza ni kitu gani kile na kunyoosha mkono. Kinga ndiyo iliyofungua mlango wa balaa. Wachezaji wanapenda sana kuweka kinga, na msimamizi mwenye akili hawakatazi. Huwaacha wachome machango yote, kisha hujiuliza nani sasa hajui chango ni nini.

Mtaalamu wa Kirusi Vladimir Propp, katika uchambuzi wake wa ngano za kwao uliochapishwa mwaka 1928, alihesabu matendo 31 yanayojirudia, na miongoni mwa ya mwanzo kabisa aliweka mawili yanayokwenda kama pacha: katazo, na uvunjaji wa katazo. Usifungue chumba hiki. Usitazame nyuma. Msikilizaji anajua tangu sentensi ya kwanza kwamba chumba kitafunguliwa. Mezani hali ni hiyohiyo, isipokuwa kwamba hapa hakuna anayelazimishwa kufungua. Kwa hiyo katazo linafaa tu likiwa na kishawishi cha haki upande wa pili: ndani ya chumba kile analia mtu, au mvua ya mawe inanyesha na hakuna pa kujihifadhi isipokuwa humo.

Waliokulia kwenye hadithi za pwani hawahitaji kwenda Ujerumani kuliona hili. Kisa cha Hasibu Karimu Dini na Mfalme wa Nyoka, ambacho kina asili katika hekaya za Alfu Lela Ulela na kilichapishwa kwa Kiswahili katika mkusanyo wa mmisionari Edward Steere huko London mwaka 1870, kimejengwa juu ya sharti moja. Hasibu anaruhusiwa kurudi kwao, lakini asiende kuoga penye watu wengi, kwa sababu alama mwilini mwake itamfichua kwamba amefika kwa Mfalme wa Nyoka. Sharti lenyewe halina ukatili wowote. Ni la kuoga tu. Lakini mtu anayeishi mjini, mwenye marafiki, ataepuka hamamu kwa muda gani? Siku anayovunja sharti, anayekufa si yeye bali ni aliyemfanyia wema. Na hata hapo mfalme yule anamwachia mwongozo juu ya mchuzi wa kwanza na wa pili, upi ni sumu na upi ni tiba, ili waziri mwenye hila anywe anachostahili. Ni vigumu kupata mfano uliokamilika zaidi wa laana inayoweza kuchezwa: sharti dogo, maisha ya kawaida yanayolisukuma livunjwe, gharama inayomwangukia mwingine, na kitendawili mwishoni.

Mashujaa wa Ireland ya kale walibeba miiko ya aina hiyo, na Cú Chulainn ndiye mfano mashuhuri. Alikatazwa kula nyama ya mbwa, na pia alikatazwa kukataa chakula anachokaribishwa jikoni kwa mtu. Adui zake walichohitaji ni vikongwe wachache wanaochoma mbwa kando ya njia. Mwiko mmoja ni mzigo, lakini miiko miwili inayoweza kugongana ni mtego, na mtego huo unaweza kuonekana kutoka mbali bila kuepukika. Inashangaza kwamba Dungeons & Dragons iliazima hata jina la miiko hiyo ya Kiayalandi tangu mwanzo, lakini ikaigeuza kuwa amri ya kumtuma mtu kazi. Mgongano, ambao ndio utamu wa mwiko wenyewe, ulibaki nje.

Kuna pia laana zinazovaa sura ya zawadi. Mfaransa Charles Perrault alichapisha mwaka 1697 kisa cha dada wawili. Mmoja, aliyempa maji kikongwe kisimani, alijaliwa kutokwa na maua na vito kinywani kila anaposema; mwenzake, aliyekuwa na kiburi, alitokwa na nyoka na vyura. Katika ngano yule wa kwanza anaolewa na mwana wa mfalme na mambo yanaishia hapo. Mezani hayaishii hapo hata kidogo. Mhusika anayedondosha almasi akizungumza atafuatwa na wezi, wakopeshaji na jamaa wa mbali. Kila swali atakaloulizwa litakuwa na nia mbili. Wachezaji wakiamua kumzungumzisha makusudi ili walipie chakula cha safari, msimamizi hana haja ya kuongeza laana nyingine.

Dungeons & Dragons yenyewe imeanza kurejea kwenye njia hii. Kitabu chake kuhusu ulimwengu wa Ravenloft, kilichotolewa mwaka 2021, kinaigawa laana katika sehemu tatu: tamko linaloifungua, mzigo unaobebwa, na utatuzi. Sehemu hiyo ya tatu inapaswa kuhusiana na kosa lililoileta laana. Mwaka huohuo ilitoka safari ya The Wild Beyond the Witchlight, yenye mandhari ya ngano, ambamo wahusika wanaweza kuanza wakiwa wamepoteza kitu kisichoshikika utotoni mwao, na ambayo inaweza kumalizwa bila kupigana hata mara moja.

Laana ya hodi

Ili kuona jinsi vipande hivi vinavyounganishwa, na tutunge laana moja. Mhusika ni nahodha wa walinzi wa mji, mwanamke hodari na mkali. Wakati wa ukame mkubwa aliamriwa kufunga malango, naye akamfungia nje kikongwe aliyekuwa akiomba maji kwa ajili ya mjukuu wake. Kikongwe akatamka kwamba tangu siku hiyo hataingia chini ya dari yoyote mpaka aliye ndani amkaribishe.

Mzigo huu hauna tarakimu hata moja. Nahodha anapiga hodi, na asipojibiwa karibu, miguu yake inagoma kizingitini. Mara ya kwanza wenzake watacheka. Kisha kikundi kitahitaji kuivamia ngome usiku, na itabidi mmoja apenye kwanza na kumkaribisha nahodha kwa sauti, huku walinzi wakiwa chumba cha pili. Jengo lililo tupu halimpokei kamwe, hata mvua ikinyesha, maana hakuna wa kuitikia. Adui akiigundua siri, anachopaswa kufanya ni kunyamaza. Wachezaji nao wataanza kuchunguza mipaka. Je, kasuku akisema karibu inatosha? Je, hema ni dari? Msimamizi afurahie maswali hayo, na ayajibu kwa kufuata maneno ya kikongwe yalivyotamkwa, si kwa kufuata hofu yake ya kuzidiwa maarifa. Kasuku, kwa maoni ya wengi, anatosha, na kikundi kitakachobeba kasuku nchi nzima kimeilipia laana hiyo kikamilifu.

Halafu siku moja safari inawapitisha kijijini kwa nahodha. Mama yake amefariki dunia na nyumba imefungwa. Anasimama mlangoni kwao, hodi yake hairudi. Hapa ndipo laana iliyoanza kama kichekesho inapofika mahali pake, na msimamizi hakuhitaji kuongeza uganga wowote.

Namna ya kuifungua imefichwa katika kosa. Aliyefunga lango itampasa afungue: awe na mlango wake mwenyewe, na amkaribishe mgeni ambaye kumpokea kutamgharimu. Lakini wachezaji watalijuaje hilo? Makosa mengi hutokea hapa. Msimamizi anaijua siri, kwa hiyo anaiona iko wazi. Ni busara kuacha angalau dalili tatu mahali tofauti. Mjukuu wa kikongwe bado yu hai na anayakumbuka maneno yote. Mtawa fulani amewahi kuona laana ya aina hiyo ikizinguliwa. Na kila nahodha anapompisha mtu mlangoni kwa hiari, miguu yake inakuwa myepesi kwa muda mfupi. Wakikosa dalili mbili, watapata ya tatu.

Kuhusu muda, ngano hupenda tarehe: miaka sita, siku tatu za kulibashiri jina, saa sita za usiku. Waridi linalopukutika jani baada ya jani, ambalo wengi hudhani ni la kale, limetokana na filamu ya Disney ya mwaka 1991. Katika kisa alichokichapisha Jeanne-Marie Leprince de Beaumont mwaka 1756, waridi ni kosa la baba aliyelichuma, si saa ya kuhesabia. Saa ya namna hiyo inafaa sana mezani kwa sababu inaonekana. Msimamizi anaweza kuweka mawe saba mezani na kuondoa moja kila kikao, bila kusema neno.

Na laana ikifunguliwa, si lazima kila kitu kirudi kilivyokuwa. Katika ngano ya Grimm ya ndugu sita waliogeuzwa mabata maji, dada yao alikaa miaka sita bila kusema wala kucheka, akiwashonea mashati ya maua. Muda ulipotimia, shati la mwisho lilikuwa halina mkono wa kushoto, na ndugu mdogo akabaki na bawa mahali pa mkono. Nahodha wetu vilevile anaweza kuachiwa mazoea ya kusita kidogo kila kizingitini. Wachezaji hutunza alama kama hizo kuliko dhahabu.

Mtu aliyeketi nyuma ya mhusika

Ngano husimuliwa mtu ambaye hayumo ndani yake. Mchezo ni tofauti, kwa kuwa anayelaaniwa ana rafiki aliyeacha shughuli zake, akapanda basi na kuja kuketi kwa saa nne. Usingizi wa miaka 100 ni laana nzuri katika kitabu na mbaya kabisa mezani, kwa sababu mwenye mhusika aliyelala hana la kufanya ila kuwatazama wenzake. Ni afadhali kuulaza mji mzima na kumwacha mhusika macho, peke yake, kati ya jamaa wasioamka. Kugeuzwa chura kunafaa iwapo chura anaweza kusema na kuingia mahali ambapo mtu hawezi. Kunyamazishwa, kama yule dada wa mabata maji, kunampendeza mchezaji mmoja anayefurahia kuigiza kwa ishara na kumfukuza mwingine ambaye tayari hupata shida kusikilizwa.

Vivyo hivyo, ngano za Ulaya, na za kwetu pia, zimezoea kutumia upofu, ulemavu wa viungo au sura mbaya kama adhabu ya uovu. Mchezaji anayeishi na hali kama hiyo, au mwenye mtoto aliye nayo, anasikia jambo jingine kabisa linaposimuliwa. Ndiyo maana makundi mengi siku hizi huwa na kikao cha utangulizi, kabla dadu haijarushwa, ambapo kila mmoja anaeleza asichotaka kukutana nacho. Mengine huweka mezani kadi yenye herufi X, mbinu iliyoenezwa na Mmarekani John Stavropoulos. Anayeigusa kadi hiyo anaomba jambo liachwe, wala haulizwi sababu. Ombi la kumlaani mhusika huombwa kwa mwenyewe, faragha, na wachezaji wengi hukubali kwa shauku wakiulizwa kwanza.

Mwisho ni suala la neno lenyewe. Katika miaka ya 1980 michezo hii ilishutumiwa vikali nchini Marekani kwamba inafundisha uchawi, na mwaka 1983 kulianzishwa kundi la wazazi la kuipinga. Hofu hiyo ilipungua huko, lakini mzazi Mswahili anayemsikia mwanawe akimlaani mtu mezani, hata kwa mchezo, ana sababu zake za kushtuka, kwani nyumbani kwao laana ya mzazi na kukosa radhi si mambo ya ngano. Mezani kwa familia kama hiyo neno sharti, au mwiko, hufanya kazi ileile, na kikongwe wa langoni anaweza kumwekea nahodha sharti lake bila mtu yeyote kutamka apizo.